Usingizi wa Mchana wa Robini

Waliokuwepo ni hawa, nawataja kwanza ili msipotee. Kulikuwa na Memsabu Joan, mama wa mtoto, na Bwana Ronald, mume wake, wenye shamba la pareto na ng'ombe wa maziwa juu ya Bahati. Kulikuwa na mtoto wao mmoja, Robin, ambaye sisi wote tulimwita Robini, umri wake mwaka mmoja na miezi kumi. Kulikuwa na Mzee Yohana arap Rono, mpishi, ambaye hakuwa ndugu ya mtu yeyote hapo, lakini alikuwa kwa hiyo nyumba tangu Memsabu hajaolewa. Na kulikuwa na mimi, Rasoa Kavosa, yaya, niliyetoka Maragoli. Wa sita ni Nyambura wa Gathogo, yaya wa kabla yangu. Yeye hakuwepo. Lakini ukihesabu watu wa hiyo nyumba ukamwacha Nyambura, utakuwa umekosea kama nilivyokosea mimi.

Nimeacha kazi mwaka jana kwa sababu magoti hayakubali tena kuinamia vitanda vya chini. Nyinyi mliobaki pale chekechea, Chebet na Mueni na wenzenu, mliniomba niandike niliyoyaona. Nilisoma madarasa mawili tu kwa misheni, kwa hivyo msitafute uandishi hapa. Mambo ya mshahara nayaacha, ulikuwa mdogo na nyinyi mnajua. Nitaandika juu ya mtoto mmoja aliyeacha kulala, kwa maana kila mwaka huletwa mmoja kama yeye, na kila mwaka nawasikia mkisema ni meno.

Nilifika Bahati nikiwa na miaka kama kumi na tisa. Nilikuwa nimemwacha msichana wangu, Imali, kwa mama yangu. Alikuwa mdogo kwa Robini kwa miezi miwili. Huo ulikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya serikali ya Wazungu kuwasaka Wakikuyu. Wakikuyu wa laini, yaani nyumba za wafanyakazi wa lile shamba, walikuwa wamechukuliwa kwa lori wiki mbili kabla, wanaume na wanawake na watoto, na mabwana walikuwa wanaandika watu wa kwetu na wa kwingine kujaza nafasi zao. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa kuna kazi ya mtoto, basi.

Kutoka stesheni ya Nakuru nilipandishwa nyuma ya lori la mikebe ya maziwa. Mikebe ilikuwa inarudi mitupu, ikagongana njia yote, na mpaka tunafika masikio yangu yalikuwa yamekufa. Kwa hivyo maneno ya kwanza ya Memsabu sikuyasikia. Alirudia kwa kuonyesha na kidole. Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani, na aliniita Aya, jina la kazi, kama alivyokuwa akiwaita wote.

Sheria zake zilikuwa nyingi lakini nakumbuka tatu. Maziwa yachemshwe mara mbili. Nguo zote za mtoto, hata nepi, zipigwe pasi ndani na nje, kwa sababu aliogopa mayai ya nzi kwa nguo zilizoanikwa. Na saa sita na nusu mtoto alale kwa kitanda chake cha mbao, pazia zimefungwa, mpaka saa nane.

"Hapana beba mgongo," alisema. "Mgongo naharibu mguu ya toto. Kitabu nasema."

Hicho kitabu kilikaa juu ya kabati ya mtoto, na kando yake daftari ambamo Memsabu aliandika saa za kulala na saa za kuamka. Mimi sikujua kusoma lile daftari, lilikuwa la Kiingereza. Nilijua tu kwamba akiandika kidogo uso wake unakuwa mzuri, na akiandika mengi siku yangu imeharibika.

Nilipewa chumba nyuma ya nyumba. Kwa dirisha kulikuwa na kopo lenye ua lililokauka, la mtu aliyelipanda akalitunza. Nilimwuliza Mzee Yohana hilo kopo ni la nani. Akasema, "Ni kopo." Na huyo ndiye alikuwa mtu wangu wa kuongea naye. Kule laini watu walikuwa wageni kama mimi, kila mmoja ametoka upande wake, na kila mmoja anaogopa jirani. Tulisalimiana kisimani, tukaishia hapo. Kuna wiki nilizokaa ambazo mtu pekee aliyenigusa ni mtoto.

Nieleze kidogo chombo cha kazi, maana nyinyi mna stima. Pasi ilikuwa ya makaa, chuma kizito chenye kifuniko. Unawasha makaa nje, unaitia, unaipeperusha mkononi kama mtu anayepungia watu, ili majivu yatoke na moto ukubali. Unalowesha kidole unaigusa chini. Ikilia tss fupi, iko tayari. Ikilia sana, utachoma nguo. Nguo inanyunyiziwa maji kwa vidole, halafu unaegemea kwa uzito wako wote, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mvuke unapanda na harufu ya sabuni. Chumba cha pasi kilikuwa kando ya jiko. Meza ilitandikwa blanketi la zamani, na katikati ya blanketi kulikuwa na alama nyeusi iliyoungua, umbo la pasi kamili mpaka ncha yake. Nikasema moyoni, huyu wa kabla yangu alikuwa mzembe.

Sasa usingizi. Memsabu alisema Robini alikuwa analala mchana kama saa ya ukutani, kila siku, bila kulia. Halafu siku moja akaacha. Mimi nilimkuta ameshaacha. Nikimlaza saa sita na nusu anasimama, anashika nguzo za kitanda, ananiangalia. Halii sana. Anaangalia mlango. Macho yakifunga anashtuka na kuyafungua kama mtu anayechunga kitu kisiibwe. Saa kumi na moja jioni analala na kijiko mdomoni, uji unamwagikia kifuani. Alfajiri jogoo hajawika, yuko macho. Alianza kukonda. Daktari wa Nakuru alisema ni meno. Tulipaka dawa ya meno. Akasema ni minyoo. Tulimpa ya minyoo, na yule mtoto akaendesha siku mbili na bado hakulala.

Nilijaribu yangu. Nilimwimbia nyimbo za kwetu. Nilimpa uji mzito. Siku moja Memsabu akiwa kwa mabanda ya kukaushia pareto, nilimfunga mgongoni kwa leso nikajificha nyuma ya tangi la maji nikatembea naye. Alinyamaza, akaweka shavu mgongoni kwangu, nikafurahi. Kumbe yuko macho. Nilizunguka lile tangi mpaka nyasi zikalala chini, yeye hakulala.

Wiki ya tatu Memsabu aliniambia kwamba nisipoweza mtoto, nirudi kwetu mwisho wa mwezi. Hakusema kwa hasira. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, macho mekundu. Nilienda chumbani nikakaa. Kwetu Imali alikuwa anakula kwa hiyo kazi. Na nilikuwa nawaza jambo la kijinga, kwamba ninajua kila dakika ya usingizi wa mtoto wa Memsabu, na wangu sijui hata kama amelala leo.

Jibu alinipa Robini mwenyewe. Nilikuwa napiga pasi, mchana, yeye nimemweka chini na vijiko vya mbao. Memsabu hayuko. Nilipoanza kuegemea ile pasi, mbele na nyuma, nikahisi gauni langu linavutwa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono juu. Nikageuka nimchukue mbele, akakataa, akazunguka tena nyuma. Nikageuka tena, akazunguka tena. Tulicheza hivyo kama wajinga wawili mpaka nikaelewa. Nikaweka pasi, nikainama, nikamfunga na leso, nikarudi kwa meza. Sikumaliza nepi ya pili. Kichwa chake kilikuwa kizito kwa bega langu na mate yananilowesha. Nilipiga pasi saa nzima na nusu.

Basi tukawa na siri. Kila siku Memsabu akienda kwa pareto, mimi nawasha makaa. Kabla ya saa nane namfungua polepole, namlaza kwa kitanda, navuta pazia. Kila kitu kulingana na kitabu. Lakini nepi za mtoto mmoja haziwezi kujaza saa moja na nusu kila siku. Nilianza kupiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo. Nikapiga soksi za Bwana. Nikapiga kitambaa cha kufutia viatu. Mzee Yohana alinitazama mlangoni akasema, "Mama, kuna magunia ya pareto kule stoo. Nayo yana makunyanzi." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitania.

Daftari la Memsabu likawa na maandishi machache. Mtoto akanenepa. Siku moja aliniita, akaniuliza mimi nafanya nini, mbona toto nalala sasa. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilijibu, "Analala tu, Memsabu." Akanipa kipande cha sabuni yenye harufu nzuri. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye, Jumanne, nilikuwa namenya njegere na Mzee Yohana uani. Yeye alikuwa anajua Kiingereza cha mezani, miaka mingi ya kusimama nyuma ya viti vya watu. Aliongea bila kuinua macho. Alisema Bwana na Memsabu wameongea chakula cha mchana. Bwana anasema mambo sasa yako wazi. Yule yaya wa kwanza alikuwa anampa mtoto dawa ya kulala. Alipoondoka, dawa ikakosekana, mtoto akakosa usingizi. Sasa dawa imeisha mwilini, mtoto amepona. Hii ndiyo njia ya hao Wakikuyu, Bwana anasema, na ni bahati haikuwa sumu. Ijumaa akienda mjini atapita kwa ofisa anayewachuja watu kule kambini Nakuru, amwambie.

Nilimwuliza wanachujwa vipi.

"Wenye hawana maneno wanarudishwa kwao, kwa wazazi. Wenye maneno wanapelekwa mbali."

"Na yeye alikuwa anampa dawa?"

Mzee Yohana alimaliza ganda lake la njegere kwanza. "Nyambura alikuwa anampigia pasi na wewe unampigia pasi," alisema. "Hiyo ndiyo dawa."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nililisikia hilo jina. Basi akanieleza yote. Kwamba Nyambura alimbeba yule mtoto mgongoni akipiga pasi kila mchana tangu ana miezi mitatu. Kwamba siku lori lilipokuja, askari walimwita akiwa kwa ile meza. Hakutoka mbio. Alimfungua mtoto kwanza, akaenda akamlaza kwa kitanda, akavuta pazia, ndipo akatoka nje. Pasi ilibaki juu ya blanketi. Mzee Yohana ndiye aliyeiondoa, moshi umeshajaa chumba. Robini alilala na mtu, akaamka hana mtu. Tangu siku hiyo alikuwa anakataa kulala.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia Memsabu wakati mtoto anateseka. Akasema angesema nini, kwamba Nyambura alikuwa anavunja sheria, wakati Nyambura yuko mikononi mwa watu? Kunyamaza kwake kulikuwa ni kumchunga. Nikamwuliza, na sasa? Kumwambia Memsabu sasa si ndiyo kumwokoa?

"Mimi ni mpishi," alisema. "Nikisema, nimejuaje? Kwamba nasikiliza mezani. Wewe ndiye una mtoto mgongoni. Nimekuambia wewe."

Akachukua bakuli la njegere akaingia ndani.

Nataka muelewe vizuri kilichokuwa mbele yangu. Kazi ilikuwa ya kusema neno moja. Lakini hilo neno lilikuwa linasema pia kwamba mimi nimedanganya, kwamba nimemfunga mtoto wao wa pekee mgongoni na moto mkononi, cheche zinaruka. Ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimfikiria Imali. Nilijiambia Bwana atasahau. Nilijiambia ofisa hatajali. Jumatano nilipiga pasi. Alhamisi nilipiga pasi. Mtoto alilala vizuri sana, na kila alipolala ndivyo alivyokuwa anamshtaki Nyambura, na mimi ndiye niliyekuwa namlaza.

Ijumaa asubuhi Bwana aliwasha gari. Nilikuwa naanika nguo. Nilishika kibanio mkononi nikaliangalia gari mpaka likapita miti ya mierezi. Sikusema.

Saa sita na nusu nilienda kumwita Memsabu. Alifikiri mtoto ameumia, akaja anakimbia. Nilimwambia asimame tu mlangoni. Nikamfunga Robini na leso mbele ya macho yake, nikachukua pasi, nikaanza. Niliipeperusha vibaya, majivu yakamwagikia nepi safi. Robini hakujali. Alivuta pumzi mbili tatu ndefu, akalala.

Memsabu alikuja akaniondolea pasi mkononi akaiweka juu ya kisahani chake cha chuma. Nilingoja kofi.

"Aya ile ingine," alisema, "nafanya hivi?"

"Kila siku, Memsabu. Hakuna dawa. Ni hii tu."

"Siku mingapi wewe najua?"

"Ya mgongo najua wiki mbili. Ya Nyambura nimejua Jumanne."

Aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Aliangalia ile alama kwa blanketi, na mimi nikamweleza ilitoka wapi, bila kumtaja Mzee Yohana. Alikaa pale mpaka mtoto alipoamka, na mimi nikasimama wima na mtoto mgongoni, hakuna aliyeniambia nikae. Halafu akaenda kwa simu ya kuzungusha kumtafuta Bwana mjini. Bwana alikuwa ameshapita kwa ofisa.

Bwana aliporudi jioni waliongea kwa sauti. Mzee Yohana alinipa habari akiwa anaosha vikombe. Bwana alisema neno limeshaandikwa, na hawezi kurudi mbele ya wenzake kufuta maneno kwa sababu ya yaya. Memsabu alisema basi ataenda mwenyewe. Jumatatu ofisi zilipofunguliwa alienda. Alirudi mchana, akaja mpaka kwangu jikoni bado amevaa kofia.

"Mimi nasema yote," alisema. "Wao naandika. Lakini lori ile ya Nyambura naondoka Jumamosi."

Nikamwuliza lilienda wapi. Akasema hawakumwambia. Hiyo ndiyo siku nilimsikia Memsabu akisema Nyambura, na si Aya.

Hakunifukuza. Alisema tu makaa hapana. Basi kwa muda wa miezi minne nilimlaza mtoto kwa pasi baridi. Saa sita na nusu namfunga mgongoni, nachukua pasi tupu isiyo na moto, nanyunyiza maji, naegemea juu ya nepi ambazo mtu mwingine ameshazipiga. Mbele na nyuma. Mtu akipita dirishani atasema yule mwanamke amerukwa na akili. Mwezi wa pili nilianza kumfungua mapema kidogo na kukaa kando ya kitanda chake, mkono wangu umepita kati ya nguzo, ili akifungua jicho anikute. Hiyo ndiyo iliyomponya, kumkuta mtu. Mwezi wa tano alilala kitandani mwenyewe, na mimi nikawa sina mtu mgongoni. Msicheke. Mgongo unazoea.

Nilikaa naye mpaka alipopelekwa shule ya bweni, mdogo bado, na sikuulizwa. Baada ya hapo nimelea watoto wa watu wengi, Njoro, Molo, Nakuru mjini, na mwisho hapo kwenu. Mama yangu ndiye aliyemlea Imali. Alipokuja kunitembelea akiwa msichana mkubwa aliniita shangazi kwa kuteleza ulimi, akaomba msamaha, nikamwambia hakuna neno.

Kwa hivyo Chebet, Mueni, mtoto akibadilisha usingizi ghafla, angalieni meno, angalieni masikio na tumbo, hiyo ni sawa. Lakini siku hiyo hiyo ulizeni pia ni nani ameondoka kwa hiyo nyumba. Ulizeni kwa jina. Watu wazima watawaambia hakuna aliyeondoka, ni msichana wa kazi tu.

Uhuru ulipokuja nilirudi Bahati mara mbili kuuliza. Watu wa laini walikuwa wengine tena. Mmoja aliniambia Nyambura alifia kambini. Mwingine akasema hapana, aliyekufa ni Nyambura mwingine, huyu alirudi kwao akaolewa. Mzee Yohana alikuwa ameshazikwa kwao na hakuna mwingine wa kumwuliza.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na kichwa changu ni cha zamani. Kama kuna mtu wa jamaa ya Nyambura wa Gathogo anayesoma hii, na kuna mahali nimekosea, anirekebishe. Pengine ofisa alimsikiliza Memsabu na mimi sikujua. Pengine lile lori lilikuwa linawarudisha nyumbani. Na siku nilizonyamaza nimehesabu tatu, Jumanne mpaka Ijumaa. Kama zilikuwa pungufu, nifahamisheni. Kama zilizidi, nifahamisheni pia.